Malkia Wawili, Kuku 52

Mkono mbovu haujawahi kuninyima usingizi. Ukigawiwa 7 na 2 unazitupa, unaegemea ukuta, unatafuna karanga na kusubiri raundi nyingine. Mkono usioshindika nao hauna taabu, kazi yako ni kuficha tabasamu. Unaonisumbua ni ule mzuri kiasi kwamba kuutupa ni kujidhulumu, lakini karata moja tu ikifunuliwa vibaya unageuka takataka mbele ya macho yako. Malkia wawili, kwa mfano.

Kwetu Mungaa, poka ni mgeni. Wazee walicheza arubastini, sisi tukakulia kwenye lasti kadi, na poka ikaja na vijana waliokwenda vyuoni Dodoma na Dar es Salaam wakarudi nayo likizo ya Desemba. Wakati huo mvua za kwanza zimeshapiga, watu wanashinda shambani asubuhi, jioni wanakusanyika barazani. Dau letu ni punje za mahindi, kila punje shilingi 50, na mwisho wa usiku zinahesabiwa. Kuna binamu yangu aliwahi kutafuna punje mbili kwa mawazo, na mpaka leo tunamdai shilingi 100.

Jambo moja linanifurahisha kila tunapocheza: mchezo ni wa Wamarekani, lakini majina ya karata tulikuwa nayo kabla Marekani haijawa nchi. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ya Kireno yaliyoachwa Pwani: copas, ouros, espadas, paus. Hata turufu ni trunfo yao. Wareno walifukuzwa Mombasa mwaka 1698 na ngome yao ikabaki, lakini nadhani karata zimesafiri mbali kuliko ngome. Zimefika mpaka kwenye mawe yetu ya Singida, ambako bahari watu wanaiona kwenye simu.

Turudi kwa malkia wawili. Tuseme ni wa shupaza na wa uru. Mezani zimefunuliwa karata tatu: 9 ya kopa, 8 ya kopa, 3 ya pau. Hakuna karata mezani inayomzidi malkia, kwa hiyo kwa sasa huenda unaongoza. Katikati kuna punje 40. Aliye mbele yako ana 6 na 4 za kopa, mkono ambao mtu mwenye akili zake asingeingia nao, lakini binamu yangu huingia nao kila mara. Anasubiri kopa moja tu atimize tano za aina moja, akumalize.

Uweke ngapi?

Tujifanye tunaziona karata zake. Zimebaki karata 45 zisizojulikana, na kati ya hizo kopa ni 9. Karata ifuatayo itamwokoa mara 1 kati ya 5, yaani asilimia 20. Ukiweka punje 10, yeye analipa 10 ili agombee jumla ya 60. Anatakiwa ashinde asilimia 17 tu ya mara zote ili asipate hasara, naye ana 20. Umempa bei ya bure, na kwa bei hiyo hata mimi ningefuata. Ukiweka 20, analipa 20 kugombea 80, hapo anahitaji asilimia 25 na hana. Akifuata, anafuata kwa hasara. Kopa inaweza ikaja na ukalala njaa usiku huo, lakini ulimuuzia kwa bei halali.

Sasa mbadilishie karata. Ana jeki na 10, zote za kopa. Huyu anaokolewa na kopa yoyote, na 7 yoyote, na hata malkia wa pau, ambaye kwako ataonekana neema kumbe amemkamilishia mwenzako mfululizo wa 8 mpaka malkia. Njia zake ni 13 kati ya 45, karibu asilimia 29. Dau lako la 20, lililokuwa sawasawa dakika moja iliyopita, sasa halitoshi. Inabidi uweke angalau 30, ili anayetaka kuendelea ahitaji asilimia 30.

Basi kwa nini usisukume punje zako zote 300 katikati uwafukuze wote? Kwa sababu utawafukuza waliokuwa tayari kukulipa. Mwenye ree na 9 angelipa 20 bila kufikiri, pengine angelipa hata 30, lakini kwa 300 anatupa karata na kuchukua karanga. Atakayebaki kukufuata ni yule mwenye 9 mbili au 8 mbili mkononi, aliyekushinda tangu karata zilipofunuliwa. Dau kubwa mno linakuchujia watu mpaka unabaki na adui peke yake. Dogo mno linawakaribisha wote waje wajaribu bahati kwa gharama yako. Ugumu wote wa mkono huu uko hapo katikati, na hapo katikati panahama kila karata inapofunuliwa na kila mtu anapoongezeka mezani.

Vijana wa rika langu wengi hawajui mchezo huu, wanajua mkeka. Sina ugomvi na mkeka, ila kwenye mkeka hakuna anayeuangalia uso wako, na ukishabonyeza hakuna unachoweza kuongeza wala kupunguza. Unapanga mechi nane, moja inakuchania, unalala. Poka inakulazimisha kuuliza swali ambalo mkeka haukuulizi: kama ninacho kitu kizuri, nikitetee kwa kiasi gani?

Mama yangu hachezi karata na hapendi kuziona. Ni Mkatoliki wa jumuiya ndogondogo, mwenye imani kwamba karata ni kazi ya watu ambao jembe limewashinda. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo nyumba imesimama kwa miguu miwili, alizeti na kuku. Alizeti ina mwaka wake. Ikikubali, gunia zinapangwa mpaka sebuleni, na ukikutana na wafanyabiashara wenye haraka unapata bei; ikikataa, unakamua mafuta ya kula na kushukuru. Kuku hawana msimu. Wanajitafutia, wanalalia, wanaangua, na siku mtoto anaporudishwa kwa ajili ya mchango wa shule unamkamata mmoja.

Msomaji wa Dar es Salaam anamjua kuku wa Singida kuliko anavyoijua Singida. Ameshaona matenga juu ya mabasi, ameshasikia mwenye mgahawa akiapa kwamba huyu ni wa Singida, si wa kisasa. Asichokiona ni upande wa pili wa tenga. Kuku wa kienyeji ni mali nzuri na mali ya woga, kwa sababu ya kideri, ambao wengine huuita mdondo. Kuku anazubaa asubuhi, anaharisha kijani, wengine shingo inapinda, na ukiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa unaweza kuondoka na karibu wote kwa siku chache. Hauna dawa, una chanjo. Unaletwa na kuku aliyenunuliwa mnadani, na tenga la mchuuzi, hata na viatu vya jirani aliyekuja kukusalimia kwa nia njema.

Mwaka juzi, mwezi wa nane unakwisha, mama alikuwa na kuku wakubwa 52 wa kuuzwa, bila kuhesabu vifaranga. Hajawahi kuwa na wengi hivyo. Majogoo 29, mitetea 23. Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea utabibu ngazi ya diploma. Mimi nilikuwa nimeshatoa nilichokuwa nacho, na bado ili aripoti zilihitajika shilingi 400,000 kabla ya katikati ya Oktoba. Bila hizo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Mchuuzi alikuja na pikipiki, matenga mawili nyuma. Aliwatazama kuku kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Mama, nikichukua wote, jogoo na mtetea, nakupa 13,000 kwa kila mmoja. Leo hii, mkononi." Hiyo ni 676,000. Sisi sote tulijua kwamba Desemba, watu wakianza kujiandaa kwa Krismasi, kuku huyohuyo anafika 20,000. Wote 52 ni 1,040,000. Na sisi sote, pamoja na mchuuzi, tulikuwa tumesikia kwamba kideri kimeshaingia kijiji cha pili.

Ule ndio mkono wa malkia wawili. Sikuwa nimeomba kuuona nje ya karata, lakini nilipoona mama amekaa kimya kwenye kigoda na mchuuzi amesimama akichezea funguo za pikipiki, niliutambua.

Mama akamwambia, "Baba, nipe mpaka kesho kutwa."

Usiku nilikaa na daftari. Hesabu ya kwanza ni nyepesi: 13,000 ugawanye kwa 20,000 ni asilimia 65. Kama naamini kuku watafika Desemba kwa uwezekano unaozidi asilimia 65, kusubiri kunalipa kuliko kuuza. Lakini hesabu hiyo inakuambia uelekee wapi, haikuambii uende na wangapi. Kwa hilo nilikumbuka kanuni ambayo wacheza karata wa dunia huipenda. John Kelly, mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, aliichapisha mwaka 1956 akiwa anashughulika na mawasiliano ya simu, na wacheza kamari wakaichukua. Inauliza ni sehemu gani ya mali yako uiweke hatarini kama una bahati kidogo upande wako na hutaki kufilisika. Unachukua uwezekano wa kushinda, unatoa uwezekano wa kushindwa uliogawanywa kwa faida ya kila shilingi unayoweka.

Kwetu faida ilikuwa 7,000 kwa kila 13,000, yaani senti 54 kwa shilingi. Nikaweka uwezekano wa kuku kupona asilimia 80. Jibu likaja asilimia 43: kati ya kuku 52, bakiza 22, uza 30. Nikaona raha, namba imetoka safi. Halafu nikajaribu asilimia 70, na jibu likaporomoka mpaka kuku 7. Kwa 65, sifuri. Na hiyo 80 nilikuwa nimeitoa wapi? Hakuna mtu Ikungi nzima ambaye angeniambia kama ni 80 au 70. Kwenye karata kopa zilizobaki unazihesabu. Kideri hakihesabiki, unakisikia kwa mbali kama gari linalokuja usiku, hujui kama linakata kona kabla ya kwako.

Asubuhi nilimweleza mama, bila kutaja karata. Nilisema "kuna mtaalamu mmoja". Alisikiliza huku anapepeta mtama, kisha akaniuliza swali ambalo Kelly hakuliuliza: "Hao 22 ni wepi?"

Nilikuwa nimewahesabu kuku kama punje. Punje zote ni sawa, ukipoteza 30 unanunua 30 nyingine kwenye gunia na unaendelea usiku uleule. Mama alikuwa anaona vitu viwili tofauti uani. Majogoo ni fedha iliyosimama, haizai. Mitetea ni mbegu. Jogoo akifa umepoteza 13,000. Mitetea yote ikifa, umepoteza mwaka mzima, kwa sababu utaanza na mtetea wa kuazima, ulalie, uangue, ukuze, huku mwewe naye anakula sehemu yake. Na mchuuzi, alisema, alikuwa anawatazama majogoo. Mitetea alikuwa anaichukua ili bei ya wastani ishuke.

Kabla hata mchuuzi hajarudi, mama alikwenda kwa bwana mifugo kuulizia chanjo ya I-2. Ni chanjo inayotengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na inatolewa kwa tone moja kwenye jicho la kuku. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakiwekwi, hivyo lazima majirani wachange na wachanje siku moja. Mama alipita nyumba sita. Nyumba nne zilikubali. Mbili zilisema kuku wao hawajawahi kuugua. Jioni ile, kuku wakiwa wamelala, tulishika tochi na kuwadondoshea mmoja mmoja, wote, hata majogoo ambao wangeondoka kesho yake. Nilimuuliza kwa nini tupoteze tone kwa kuku wa kuuza. Akasema kama mchuuzi hatarudi, atakuwa bado ana kuku.

Chanjo inahitaji wiki moja mpaka mbili ili ishike, na haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Siku hizo kumi na nne zilikuwa ndizo karata ambayo bado haijafunuliwa. Kwa kipindi hicho mama hakuruhusu kuku wa mtu kuingia uani, na shangazi aliyetuletea jogoo wa zawadi alishukuriwa sana, kisha jogoo akachinjwa palepale kabla hajagusa ardhi.

Mchuuzi aliporudi, mama alimwambia atampa majogoo tu. Mchuuzi akakasirika, akapanda pikipiki, akashuka. Nimeona watu wengi wakijifanya kutupa karata, na yule hakuwa mzuri sana. Walianzia 13,000, mama akataja 16,000, wakarushiana maneno kuhusu bei ya petroli na ukubwa wa miguu ya jogoo wetu mwekundu, wakaishia 14,500. Majogoo 29 kwa 14,500 ni 420,500. Ada ikapatikana, ikabaki nauli ya mdogo wangu mpaka stendi na daftari chache. Uani wakabaki mitetea 23.

Namba ya daftari langu ilikuwa 22. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia alitaka kuamini kwamba mama anaijua hesabu ya Kelly moyoni, na mimi naikataa hadithi hiyo, ingawa ni tamu. Kama mitetea ingekuwa 35, mama angebakiza 35. Alianza na ada, akaangalia kipi kinaweza kwenda bila nyumba kusimama, kilichobaki akakitetea kwa tone la jicho na mlango uliofungwa. Namba zilikutana kama watu wawili wanavyokutana mnadani, kila mmoja kaja kwa shughuli yake.

Kideri kilifika kitongoji chetu wiki ya pili ya Novemba. Moja ya zile nyumba mbili zilizokataa ilibaki na kuku watatu. Kwetu walikufa vifaranga walioangua baada ya chanjo, ambao hawakuwa wamepata tone, na mitetea miwili. Usiku mama alikuwa anatoka na tochi kuwasikiliza wanavyopumua. Anawasemesha Kinyaturu, sisi alitulea kwa Kiswahili ili tusitaabike shuleni, lakini kuku hajawaonea huruma hiyo.

Desemba bei haikufika 20,000. Ilikuwa 18,000, kwa sababu za wachuuzi ambazo hazijawahi kueleweka kwa mfugaji. Mchuuzi yuleyule alikuja, safari hii matenga manne, akahesabu mitetea 21 kwa macho na kusema atachukua yote. Siku hiyo majirani walikuwa wamekusanyika uani kwetu kwa ajili ya chanjo ya pili, maana inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na sasa nyumba zilizochangia zilikuwa saba. Mdogo wangu alikuwa likizo, amevaa fulana ya chuo chake, amepewa kazi ya kushika kuku vichwa kwa kuwa ndiye daktari.

Mitetea mitano ilikuwa imelala juu ya mayai. Mama aliitazama, akamtazama mchuuzi, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Hiyo awamu ya pili ya ada," akamuuliza, "walisema shilingi ngapi?"